Kengele ya Kisima cha Yabosuka

Marafiki zangu, mmenichosha. Kila nikikutana na mmoja wenu sokoni, swali ni lile lile: Zaina, imekuwaje, mbona umerudi kimya hivyo? Mnajua mdomo wangu haupumziki hata nikiwa na homa. Basi nimekaa, nimeandika yote mara moja, ili anayetaka asome na asiyetaka aniache ninunue samaki wangu kwa amani. Barua za ofisi, mihuri na ruhusa nimeziruka, maana hata mimi zinanitia usingizi.

Mangobo hadi ufukweni

Kwanza niweke wazi jambo moja, kwa sababu nusu yenu mnadhani kazi yangu ni kutafuta maji. Maji ya chini ya ardhi yapo, hayajapotea. Mimi nafuatilia yanavyopeana na mto. Kiangazi, ardhi ya bonde huulisha mto: maji yaliyojificha chini ya vilima huteremka polepole ndani ya mchanga na kutokea ukingoni. Mto ukifurika, nao husukuma maji yake kurudi ardhini. Ukipima maji ya kisima yamesimama wapi, kisha ukapima mto, unajua nani anampa mwenzake.

Safari hii vipimo vyangu vilikuwa na uzito. Ofisi ilikuwa na pampu chache za kuweka katika vijiji vya bondeni, upande wa kuelekea Yanonge. Kijiji ambacho kisima chake hukauka kiangazi kingepata pampu. Ambacho kisima chake kina maji kingengoja, na hakuna aliyejua kingengoja hadi lini. Vilikuwa vimebaki viwili kupimwa, Yaliseko na Yabosuka, na neno la mwisho lilikuwa langu. Yabosuka ndiko alikozaliwa mama yangu.

Asubuhi ya kuondoka nyumbani kwetu Mangobo, Kisangani, nilichelewa kwa sababu ya huyo huyo mama. Alikuwa anategemea wageni, ndugu za marehemu papa, yaani baba yangu, kutoka Maniema, na hakutaka nitoke kabla pipa la uani halijajaa.

"Mama, wageni ni wawili. Watakunywa pipa zima?"

"Haiko kunywa. Mugeni akifunua pipa, asione chini yake. Iko haya."

"Mama, mimi nina safari!"

"Weye enda na masomo yako ya maji. Miye uniache na pipa yangu."

Nikajaza pipa, bidoni baada ya bidoni, huku nikinung'unika. Kisha nikapanda pikipiki hadi ufukweni, nguo zimelowa hadi magotini.

Mashua ilikuwa ya mbao, ile kubwa ya injini, na nahodha wake aliitwa Papa Lokwa. Nilikuwa nimeshamtumia ujumbe juma lililotangulia autangulize kwa wakuu wa vijiji, kwamba Zaina anakuja kupima visima. Mtu hazuki tu kijijini kwa watu kama kuku aliyepotea. Nilijisifu sana kwa adabu hiyo.

"Papa, tunaondoka saa ngapi?"

"Saa hii hii, mwana yangu."

Saa hii hii yake ilidumu mpaka jua likapinda. Kisa kilikuwa seti ya viti vya sebuleni. Mwenye viti, bwana mmoja mnene anayemwoza binti yake huko Isangi, alikataa visipangwe chini ya magunia ya chumvi. Papa Lokwa naye alikataa visikae juu, kwamba upepo ungevichukua. Walibishana, wakapatana, wakabishana tena. Mwishowe kiti kikubwa kiliwekwa katikati ya mashua na mwenyewe akakalia, na safari nzima tukawa tunamzunguka kama tumekwenda kumpelekea mashtaka.

Kuteremka na mto

Jirani yangu alikuwa mama mmoja muuza mawese, mcheshi, aliyenigawia kwanga ya muhogo na liboke la samaki wa kuchomwa ndani ya majani kabla hata hajaniuliza jina. Baada ya kula akaona mfuko wangu umefunguka.

"Ile kamba ya kuzunguka iko ya nini? Ya kutafuta diamant, almasi?"

"Hapana, mama. Ya kupima maji."

Akatazama mto Kongo huku, akautazama huku. "Maji? Na ile yote, hauione?"

Mashua nzima ilicheka, na bwana wa viti akacheka kuliko wote. Ikabidi niwaonyeshe. Ni utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu, ncha yake ina chuma kidogo, na chuma kikigusa maji kengele inalia. Unashusha kisimani, kengele ikilia unasoma namba. Kando yake nina kipimajoto. Niliichovya ncha mtoni, kengele ikalia, na kuanzia hapo Papa Lokwa alipata habari ya kutangaza. Kila tuliposimama aliwaambia wote waliokuwa ukingoni: "Huyu ndiye dada wa visima! Kisima kikiwa na maji, kengele inajibu! Kikiwa kikavu, inanyamaza!" Alisema kwa sauti ya kutangaza sikukuu. Mimi nilitabasamu na kupunga mkono, mjinga mimi.

Mto ulikuwa umepungua sana. Siku ya pili tukakwama kwenye mchanga, tukashuka sote kusukuma, isipokuwa bwana wa viti. Nikiwa nimesimama majini nilihisi miguuni ubaridi unaopanda kutoka mchangani. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwita mama wa mawese aingize miguu.

"Kweli! Iko baridi!"

"Hiyo ni maji ya chini ya ardhi. Inatoka kilimani, inaingia mtoni. Maji ya mto iko na joto, juu ya jua. Ya chini iko baridi siku zote."

"Miaka yote napita hapa, sikujua mutu anamulisha huyu muto," akasema, na akabaki amesimama pale mpaka Papa Lokwa akamkaripia. Shikilieni hilo la baridi na joto. Mimi niliyelieleza kwa ufasaha ndiye niliyelisahau baada ya siku moja.

Yaliseko

Yaliseko walinipokea kwa nyimbo. Kisima kimefagiwa pande zote, na maji yalikuwa karibu na mdomo wake. Nilishusha utepe, na kabla sijashusha hata urefu wangu mwenyewe kengele ikalia.

"Kimejibu!" walipiga kelele. Akina mama wakapiga makofi.

Nikaingiza kipimajoto. Maji yalikuwa na joto, joto lile lile la mto. Nilijikuna kichwa. Mtu mwenye akili angejiuliza swali moja dogo hapo. Mimi kichwa kilivimba. Nikaanza kuona, chini ya miguu yangu, njia ya kale ya mchanga inayoleta maji ya mto moja kwa moja hadi kisimani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliandika bondeni humu. Nilijiona nimesimama mbele ya wasomi ninaeleza, na wao wanaandika.

Kuna kilima nyuma ya kanisa ambako simu inashika. Nilipanda nikamwandikia mkuu wangu wa kazi: Yaliseko ina maji ya kutosha, inaweza kungoja. Akajibu haraka: vizuri, orodha naifunga Jumatatu. Ilikuwa Jumanne.

Yabosuka

Yabosuka nilifika kesho yake kwa mtumbwi. Kijiji kipo juu ya ukingo mrefu, na kutoka majini unapanda ngazi zilizochongwa kwenye udongo mwekundu, ngazi zisizoisha. Magoti yalinilalamikia njia nzima. Juu kabisa alisimama mama mdogo Béa, mdogo wake mama yangu, mkono wa kushoto umefungwa kwa kitambaa na kuning'inizwa shingoni.

"Mama mudogo, mukono umefanya nini?"

"Ah, nilianguka kidogo. Udongo iko na utelezi. Alors, mama yako iko muzima? Kuya kula kwanza."

Utelezi, kiangazi! Lakini mezani kulikuwa na lituma la ndizi za kupondwa, pondu ya majani ya muhogo, na samaki mkubwa ambaye macho yake yalinitazama kwa heshima, na mimi njaa ikiniuma huwa sichunguzi. Wenyewe walizungumza Kilokele upesi upesi, na Kilokele changu ni cha kusalimia na kuaga. Nilikula, nikacheka pale walipocheka.

Kisima kilikuwa kimejaa. Kengele ililia, wakapiga makofi, mama mdogo akanikumbatia kwa mkono mmoja. Maji yalikuwa ya joto. Nilisimama pale, juu ya ukingo ule ule ulioninyonga magoti, nikaandika kwenye daftari kwamba mto unakilisha kisima. Maji hayapandi mlima. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Mimi nilijipa sababu: pengine ni masalio ya mafuriko, pengine udongo huu una tabia yake. Nikaandika ujumbe wa pili kwenye simu, Yabosuka nayo inaweza kungoja. Ulikataa kwenda, kwa sababu Yabosuka simu haishiki. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo.

Alfajiri ya Alhamisi niliamka mapema ili nipime tena kabla watu hawajateka. Kulikuwa na ukungu. Nilipokaribia kisima nikasikia maji yanamwagika, si kutekwa, yanamwagika. Nikasimama.

Wanawake walikuwa wanapanda zile ngazi kwa mstari, beseni kichwani, kimya kimya. Kila mmoja akifika kisimani anainama, anamimina, anageuka kushuka tena. Niliwaona kumi, kumi na watano. Katikati ya mstari, mkono mmoja umefungwa shingoni, mkono wa pili umeshika kindoo cha mtoto, alikuwa mama yangu mdogo Béa.

Daftari likaniponyoka. Ule mto niliotafutia njia chini ya mchanga ulikuwa unapita juu ya vichwa vyao.

"Mama mudogo! Munafanya nini?"

Walisimama wote. Walinitazama kama watu waliofumaniwa wakiandaa zawadi.

"Mbona umeamuka?" akasema mama mdogo. "Ungelala kidogo tena."

"Hii maji munamwaga juu ya nini, kwa sababu gani?"

"Juu yako! Mutoto wetu anatoka Kisangani kutazama kisima, akute matope? Na ile mashini yako inyamaze mbele ya chefu? Non, non. Haya hiyo nani ataibeba?"

"Toka lini?"

"Toka habari yako ilifika. Asubuhi na mangaribi. Chini yake inakunywa polepole, donc tunaongeza."

Nilitazama kile kitambaa shingoni mwake. "Na mukono? Ulianguka wapi, kweli?"

Aligeuza macho upande wa ngazi, kisha akayarudisha kwangu haraka.

"Na Yaliseko?" niliuliza.

Mwanamke mmoja nyuma akacheka. "Yaliseko? Ni wao walitufundisha! Walituma mutu akuje kusema: mujaze mbele afike, kengele isinyamaze."

Siku za kukiacha kisima

Nilikaa chini, pale pale kwenye matope waliyomwaga. Sijui nilikuwa nacheka au nalia. Walinizunguka kwa wasiwasi, mmoja akaanza kunipepea. Ndipo nikawaeleza jambo ambalo nilipaswa kulitanguliza mbele ya nyimbo, mbele ya samaki, mbele ya utepe: kwamba pampu inakwenda pale ambapo kisima kimekauka. Kengele ikilia, pampu hakuna.

Mama mdogo Béa alishusha kile kindoo taratibu.

"Donc," akasema, "tulibeba maji juu ya kujinyima maji?"

Nimesoma miaka mingi, nimekaa kwenye mikutano, na sijawahi kusikia sentensi iliyonichoma namna ile.

Nikawaomba wakiache kisima mpaka Jumamosi, bila kuongeza hata kikombe. Mngeona walivyoteseka! Chefu, mkuu wao wa kijiji, alipita mara tatu kunishauri waongeze kidogo tu, cha kufunika matope, kwa macho. Mabibi wawili walikuja kuniuliza kama siwezi kuandika kwamba kisima ni kikavu bila kukionyesha. Nilikasirika. Nikawaambia mimi sikuja kuoa kisima, nimekuja kukipima. Walicheka, lakini cheko lao lilikuwa la chini.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikuwepo. Nilishusha utepe. Ulishuka, ukashuka, ukalegea. Kengele haikulia. Nilipouvuta, ncha ilikuwa imepakwa matope mazito, ya baridi. Hiyo ndiyo ilikuwa ardhi yao ya kweli, ile waliyokuwa wananificha. Mwanamke mmoja alifunika uso kwa kitenge.

"Umetuvua nguo, Zaina," mama mdogo aliniambia kwa sauti ya chini.

"Najua. Unisamehe."

Alitazama ncha ya utepe. "Bon. Andika. Kisima ya Yabosuka iko kikavu. Lakini andika pia kama tulikulisha. Andika lituma."

Nimeandika, mama mdogo. Iko kwenye taarifa, ukurasa wa kwanza, na mkuu wangu hajathubutu kuifuta.

Kurudi

Kupanda mto ni adhabu. Papa Lokwa alikuwa anarudi kutoka Isangi, mashua nyepesi bila viti vya harusi, na bado injini ilikufa mara mbili. Nilihesabu saa kwa vidole. Ujumbe wangu wa Jumanne ulikuwa umeshaiondoa Yaliseko kwenye orodha, na Jumatatu ilikuwa kesho.

Jumapili mchana tulifunga mashua Yaliseko, na safari hii sikutangazwa. Mkuu wa kijiji alitoka kanisani akanikuta nimesimama kando ya kisima chake na utepe mkononi. Sijawahi kuona mtu amekasirika hivyo kwa ajili ya adabu.

"Mbona haukutuma habari? Mutu anaingiaka hivi kwa batu? Ungetuma habari!"

"Papa, nisamehe. Nikituma habari, unakosa pampu."

Nilishusha utepe mbele yake. Matope. Alitazama ndani ya kisima, akanitazama mimi, akavua kofia na kuanza kuikunjakunja. Nikapanda kilima nikampigia mkuu wangu wa kazi. Yeye naye ni mtoto wa Kisangani, amekulia nyumba kama zetu. Nilimweleza yote, beseni, ngazi, mkono wa mama mdogo. 

"Orodha siifungi kesho," akasema. "Vijiji vyote viwili vimo." Kisha akaniita: "Zaina. Na mwaka jana?"

"Mwaka jana nini?"

"Vile visima vingine vyote vya bonde. Vile tulivyoandika vina maji. Tulituma habari mbele?"

Tulituma. Kila mara tulituma, tena kwa fahari. Nilikaa juu ya jiwe, simu sikioni. Mbele yangu bonde lote lilionekana, mto umelala katikati, moshi wa vijiji unapanda pande zote mbili. Niliogopa kuvihesabu. Basi ndiyo sababu ya kimya changu, mliokuwa mnauliza. Juma lijalo naanza upya kijiji kimoja kimoja, na naenda bila kubisha hodi, kama mwizi. Mkisikia watu wa bondeni wanamtukana dada wa visima asiye na malezi, mjue ni mimi.

Nilifika Mangobo Jumatatu jioni. Nilikuwa nimempigia mama tangu ufukweni kumwambia nakuja, nimechoka, asihangaike. Nilimkuta ameketi uani, miguu ameinyoosha, kanga imelowa mabegani. Wageni wa Maniema walikuwa wameshaondoka. Nilikwenda kwenye pipa kunawa uso, nikafunua kifuniko.

Maji yalikuwa yamefika mdomoni.

"Mama," nilisema, "nani ameteka?"

"Nani tena? Miye."

"Na magonjwa yako ya goti? Mama, ni mimi! Mimi siyo mugeni!"

"Umetoka safari," akasema, kana kwamba hilo lilimaliza maneno.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mfuko, ukatoa utepe, na nikaushusha ndani ya pipa. Kengele ililia pale pale, kabla sijalegeza hata kidole. Mama akapiga makofi.

"Imejibu!" akasema, akicheka kwa furaha, na akajaribu kuinuka ili anipakulie chakula. Ilibidi nimshike mkono, maana goti lilikataa.